Uso wa Mwanamke wa Chebunyo

Johana Mosonik alistaafu akiwa na miaka sitini, baada ya kutengeneza mashine za kiwanda cha majani chai kwa miaka thelathini na minne. Siku ya mwisho wenzake walimfanyia chai na mandazi, wakampa blanketi na saa ya ukutani, naye akatembea kwa miguu kurudi nyumbani kwake, juu ya kilima kisicho mbali na soko la Mogogosiek. Alikuwa na shamba dogo la chai, ng'ombe mmoja wa maziwa, na nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga mwenyewe.

Katika vyumba hivyo vinne alikaa peke yake. Mke wake, Priscillah, alikuwa Nakuru kwa kijana wao mkubwa. Mkaza mwana alijifungua mapacha, Priscillah akaenda kumsaidia, akasema atakaa mwezi mmoja. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Hawakuwa wamegombana. Mapacha walikua, wakaanza kumwita mama, na kila Johana alipouliza atarudi lini, aliambiwa ngoja kwanza waanze shule. Priscillah alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Aliulizia ng'ombe, kisha mvua, kisha mume.

Asubuhi Johana alikuwa na kazi za kutosha. Alikamua, akapeleka maziwa barabarani, akawasimamia akina mama wawili waliomchumia chai. Lakini kuanzia saa nane mchana, mvua inaposhuka kutoka upande wa msitu na watu wote kuingia manyumbani, siku ilisimama. Ndiyo maana alinunua laptopu kuukuu kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihamishwa. Alitaka kuandika mambo anayoyajua kabla hayajamtoka. Kiwandani alikuwa hodari wa kujaza daftari la zamu: mashine gani imesimama, saa ngapi, kwa sababu gani, nani ameishika. Wahandisi wapya walikuwa wakiyasoma madaftari yake kama vitabu.

Aliyemtengenezea tovuti alikuwa Waringa, mwenye saiba, duka la intaneti, mjini Litein. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti kubwa, aliyezaliwa hapo hapo Litein baada ya wazazi wake kuhama kutoka Murang'a na kufungua duka la nguo. Alimwonyesha Johana jinsi ya kuandika ukurasa, kuuhifadhi, na kuupandisha mtandaoni. Tovuti ikaitwa kwa jina lake, Johana Mosonik wa Konoin. Ukurasa wa kwanza ulieleza jinsi majani yanavyonyaushwa, na juu yake Johana aliweka picha nzuri ya kitanda kirefu cha kunyaushia, kimejaa majani mabichi.

Waringa aliitazama ile picha.

"Mzee Mosonik, hii ni yako?"

"Nimeitoa Google."

"Google haipigi picha, mzee. Kuna mtu alisimama hapo na kamera yake."

Johana aliona haya. Alikuwa mtu ambaye, kiwandani, hakuwahi kuchukua spana ya mwenzake bila kusema. Akavuta kiti akamwambia Waringa amfundishe vizuri. Waringa akamwonyesha tovuti ambazo wapiga picha huweka picha zao na kuruhusu watu kuzitumia, kila moja ikiwa na masharti yake. Nyingine huhitaji kuomba ruhusa, nyingine unaruhusiwa kuitumia lakini usiibadilishe. Nyingi zilisema, itumie, ibadilishe ukitaka, mradi utaje jina la aliyepiga, useme umeitoa wapi na umebadilisha nini.

Masharti hayo yalimpendeza Johana, kwa sababu yalifanana na daftari la zamu. Tangu siku hiyo chini ya kila picha aliandika mistari minne: aliyepiga, ilikotoka, leseni yake, na alichobadilisha. Kama amekata ukingo wa kushoto, aliandika amekata ukingo wa kushoto. Kama ameongeza mwanga, aliandika. Waringa alicheka, akasema hajaona tovuti yenye maelezo marefu ya picha kuliko ya habari yenyewe.

Baada ya kurasa za kiwanda na za ng'ombe, Johana alianza ukurasa wa watu wake. Aliandika habari za baba yake, akaweka picha ya baba amesimama na baiskeli. Akaandika za kaka yake aliyefia jeshini, akaweka picha yake ya sare. Alipofika kwa mama yake, Taprandich, aliandika aya sita kwa siku moja. Lakini picha hakuwa nayo.

Mama alifariki mwaka wa 1984, Johana akiwa chuo cha ufundi Eldoret. Katika maisha yake yote alipigwa picha mara moja tu, ile ya kitambulisho. Na Johana ndiye aliyekipeleka kitambulisho hicho kwa chifu, siku ya kuchukua barua ya mazishi, kwa sababu sheria ilitaka kirudishwe. Alikumbuka kusimama kwenye foleni akikishika mkononi. Alikumbuka alisoma namba mara mbili ili asije akakosea. Uso hakuutazama. Ulikuwa uso wa mama, alikuwa ameuona siku zote, na alikuwa na haraka, watu walikuwa wakingoja nyumbani kuchimba kaburi.

Tovuti ilikuwa imepangwa kwamba kila mtu awe na picha upande wa kushoto. Pale pa mama palibaki kisanduku cha kijivu. Johana alijaribu kuweka picha ya mlima, akaitoa. Akaweka ua, akalitoa pia, likamfanya mama aonekane kama tangazo la kifo. Kisanduku kikarudi.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta. Mwanzoni alijiambia anatafuta mwanamke yeyote wa Kipsigis wa zamani, ili wasomaji waone akina mama wa wakati ule walivyovaa. Mchana baada ya mchana, mvua ikipiga mabati, aliwapitia wanawake wazee mmoja baada ya mwingine: waliobeba kuni, waliocheka bila meno, waliotazama kamera kana kwamba wamefumaniwa. Chini ya wengi paliandikwa tu "mwanamke wa Kiafrika". Alipochoka alipika chai, akaiacha ikapoa.

Siku ya kumi na moja alimpata. Picha ilipigwa sokoni Chebunyo, upande wa chini wa Bomet kwenye joto na mbuzi. Aliyeipiga alikuwa mgeni mmoja wa Denmark aitwaye Jens Holm. Maelezo yalisema: mwanamke mzee, Chebunyo, Kenya. Alikuwa ameketi kwenye gogo, amevaa kofia ya sufu, boshori jekundu lenye nembo ya timu ya mpira, kando yake pembe ya mbuzi na bega la mwanamume. Johana aliikuza picha. Paji la uso. Masikio yenye ndewe ndefu zilizotobolewa zamani. Na namna alivyolaza kichwa kidogo upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza jambo asiloliamini.

"Mama," Johana alisema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Leseni iliruhusu kubadilisha. Alipakua faili kubwa kabisa, akafungua programu ya kuhariri picha aliyowekewa na Waringa, akaanza kazi. Kwanza alikata mbuzi na lile bega. Kisha akaondoa rangi, ikawa kama picha ya kale. Boshori lilimsumbua wiki mbili nzima. Alilifuta nukta kwa nukta, akakopa kitambaa cha kichwa kutoka picha nyingine, ambayo nayo aliandika jina la aliyeipiga, akakivuta na kukikunja mpaka kikakaa. Juu ya jicho la kushoto mwanamke yule alikuwa na kovu, limepinda kama mundu. Mama hakuwa na kovu. Johana akachukua ngozi ya shavuni, akalifunika. Akapunguza kidevu kidogo. Akaweka nyuma yake kilima cha Konoin alichokipiga mwenyewe kwa simu.

Alikuwa fundi, na kazi ilikuwa safi. Alipomaliza, alimpandisha pale penye kisanduku. Chini yake aliandika mistari yake minne kama kawaida, mstari wa nne ukiwa mrefu: ameondoa rangi, kofia, kovu na mandhari, ameongeza kitambaa na kilima, amepunguza kidevu. Na juu yake akaandika: Mfano wa mama yangu, Taprandich.

Baada ya siku tatu simu yake iliita, na haikuwa Jumapili. Alikuwa Kepher, binamu yake wa upande wa mama, anayefanya kazi Qatar. Kepher alikuwa na miaka mitatu Taprandich alipofariki.

"Johana, nimemwona mama mkubwa," Kepher alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Niko hapa kambini nimelia kama mtoto. Sikuwahi kujua alikaa hivyo. Asante ndugu yangu. Umetoa wapi hiyo picha?"

Johana alifungua mdomo kueleza. Kisha akasema, "Nimeitengeneza kidogo."

"Umefanya kazi nzuri. Nimemtumia kila mtu."

Wiki hiyo simu iliita kuliko mwaka mzima uliotangulia. Watu wa Sotik, watu wa Kericho, mpwa aliyeko Minnesota. Mmoja alisema anaona pua ya mama kwenye uso wa binti yake. Mchungaji alimsimamisha nje ya kanisa kumpongeza. Hata Priscillah alipiga siku ya Jumatano, akasema mapacha wameonyeshwa nyanya yao mkubwa, na wakazungumza dakika ishirini bila kumtaja ng'ombe. Alhamisi mchana Johana alifungua ukurasa, akaweka kidole juu ya neno "mfano", akalifuta. Pakabaki: Mama yangu, Taprandich. Ile mistari minne chini hakuigusa. Alijiambia ukweli wote uko pale, kwa anayetaka kusoma.

Dada yake hakusoma kitu. Chepchumba alikuwa na miaka sita zaidi yake, mjane, anaishi Sosiot na ng'ombe wake. Alionyeshwa picha kwenye simu ya jirani, na akamwita ndugu yake aje. Johana alimkuta uani akiosha vibuyu vya maziwa. Hakumkaribisha ndani.

"Yule mwanamke ni nani?"

"Ni mama."

"Nakuuliza mara ya pili."

"Nilimpata kwa intaneti. Anafanana naye. Nimemrekebisha tu."

Chepchumba aliweka kibuyu chini. "Nilimwosha mama kwa mikono hii akiwa mgonjwa. Miezi minne. Wewe ulikuwa Eldoret. Utaniambia mimi anafanana na nani?"

"Watoto wetu hawana hata kitu kimoja cha kumwona, Chepchumba. Si ni heri hicho?"

"Umemleta mwanamke mwingine ukamweka nyumbani kwa mama."

"Basi niambie wewe alivyokuwa, nimtengeneze upya."

"Mama si mashine," dada yake alisema, akaokota kibuyu akaendelea kuosha.

Johana alirudi Mogogosiek amekasirika. Alijiambia Chepchumba daima ameona mama ni wake peke yake. Picha aliiacha ilivyo.

Ujumbe ulikuja wiki mbili baadaye, kupitia sanduku la maoni la tovuti. Aliusoma amesimama.

"Habari mzee. Mimi naitwa Chepkurui, ni mwalimu hapa Chebunyo. Huyo umeandika ni mama yako ni kogo yangu, mama wa baba yangu. Anaitwa Tapkigen. Yuko hai. Picha ilitumwa kwa grupu yetu ya kanisa ikisemwa ni mtu alikufa kitambo. Nimeona umeandika jina la mzungu aliyepiga na hata leseni. Jina la kogo hakuna mahali. Na kovu lake umelipeleka wapi?"

Aliketi. Alisoma tena mistari yake minne, ile aliyojivunia. Jina la Jens Holm lilikuwepo. Jina la aliyepiga picha ya kitambaa cha kichwa lilikuwepo. Jina lake mwenyewe, kwa ajili ya kilima. Kila aliyegusa picha ile alikuwa ameandikwa, ila mtu aliyekuwa ndani yake. Na kwa wiki zote zile, akifuta na kunyoosha, hakuwahi hata siku moja kujiuliza kama mwanamke yule ana jina.

Siku mbili hakuigusa laptopu. Siku ya tatu alimpigia Chepkurui, akamwomba msamaha, akamwambia ataitoa picha.

"Kuitoa ni sawa," Chepkurui alisema. "Lakini mimi sikutumwa kupokea pole. Kuja uongee na mwenyewe."

Alienda Jumamosi. Chebunyo palikuwa pakavu, mahindi yamejikunja, na vumbi lilipanda mpaka kwenye nyusi. Chepkurui, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye viatu vya shule, alimpokea barabarani na kumpeleka nyumbani bila maneno mengi. Tapkigen alikuwa ameketi kivulini ukutani mwa nyumba, redio mapajani, amevaa lile lile boshori jekundu. Alipoinuka kumsalimu, Johana alishtuka. Alikuwa mrefu, mrefu kumpita yeye. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanamume. Mkono wake ulikuwa mkubwa na mkavu. Alipogeuza kichwa hakukilaza upande hata kidogo. Kile kilichomfanya Johana aite "mama" peke yake sebuleni kilikuwa kitu cha sekunde moja, pengine mbuzi alilia, akageuka kutazama.

Walizungumza Kipsigis. Johana alieleza yote tangu mwanzo, na mwanamke yule hakumkatiza. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Johana alimpa simu. Tapkigen aliishika mbali na uso, kisha karibu.

"Huyu amekufa," alisema.

"Ndiyo. Nilitaka awe mama, na mama..."

"Nasema huyu kwenye picha. Amekufa. Mimi sijakufa." Alimrudishia simu. "Kofia yangu iko wapi?"

"Niliitoa."

"Mjukuu wangu alininunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Na hili?" Akagusa kovu juu ya jicho. "Ndama alinipiga teke nikiwa msichana. Bwana wangu alinijua kwa hili, sokoni, kabla ya kujua jina langu. Lilikukosea nini?"

Chepkurui alileta mursik, maziwa ya mgando, katika vikombe, wakanywa. Johana aliuliza kama yule mgeni wa Denmark aliomba ruhusa.

"Alisema picha nzuri, nzuri. Nikamwambia aniletee moja. Akasema ndiyo, akaenda." Tapkigen alifuta mdomo. Kisha aliuliza, bila ukali sasa, "Mama yako alikuwa na sura gani?"

Johana alifunga macho kidogo, kama mtu anayetaka kujibu vizuri. Na uso uliokuja ulikuwa na kitambaa cha kukopa na kidevu alichokipunguza yeye mwenyewe. Akajaribu kumwona mama jikoni, akipuliza moto. Uso ule ule ukageuka kutoka motoni. Akajaribu mlangoni, siku aliyokwenda Eldoret, mama amesimama na mwavuli. Ule ule. Alirudi nyuma na nyuma zaidi, mpaka utotoni, na kila mahali alipofungua palikuwa na mwanamke wa Chebunyo bila kovu, anamtazama.

"Sioni tena," alisema. "Nilikuwa naye. Kabla ya hii picha nilikuwa naye, hata kama ni kidogo. Sasa nakuona wewe."

Chepkurui alitazama chini. Tapkigen aligeuzageuza kitufe cha redio.

"Hapo siwezi kukusaidia," alisema mwishowe. "Mimi sikumjua."

Walipoagana alimwambia mambo mawili. Aletewe ile picha ya kweli, kubwa, kwenye karatasi. Na kama jina lake litaandikwa popote, iandikwe pia kwamba yuko hai.

Johana aliitoa picha siku hiyo hiyo. Mahali pake hakuweka kitu, ila chini ya jina la mama aliandika alichokifanya, kwa maneno wazi: picha mliyoiona si ya Taprandich, ni ya Tapkigen wa Chebunyo, ambaye yuko hai, na kosa ni langu. Akawatumia wote waliokuwa wamempigia. Kepher alijibu kwa neno moja, "Sawa." Mpwa wa Minnesota hakujibu. Mchungaji alimsalimu Jumapili kama kawaida, akapita. Simu ikanyamaza, na Jumatano zikawa Jumatano tena.

Litein, Waringa alimchapishia picha ya kwanza kabisa, isiyoguswa, ukubwa wa trei ya chai: boshori, kovu, pembe ya mbuzi, bega la mtu. Hakusema lolote mpaka alipokuwa akiifunga kwa gazeti.

"Mimi ndiye nilikufundisha kuandika jina la mwenye kamera," alisema. "Sikukumbuka kukuambia la huyu mwingine."

"Hata mimi nilipaswa kukumbuka mwenyewe," Johana alisema.

Alimwandikia Jens Holm vilevile, kwa Kiingereza cha kiwandani, akimpa jina la mwanamke aliyempiga picha na kumweleza kwamba anangojea picha yake. Jibu lilichukua mwezi mzima. Holm alishukuru, akasema anakumbuka siku ile, lilikuwa joto kali. Maelezo ya picha yalibadilishwa, yakasomeka: Tapkigen, Chebunyo, Kenya. Picha ya karatasi Holm hakuituma, lakini wakati huo ile ya Waringa ilikuwa imekwisha fika, na Chepkurui aliandika kwamba imetundikwa, na kogo anasema imemnenepesha.

Mwezi wa saba, baridi ya Konoin ilipoingia kwenye mifupa, Johana alikwenda tena Sosiot. Safari hii Chepchumba alimkaribisha ndani. Walikaa karibu na moto, Johana akamwambia kilichompata kule Chebunyo, kwamba alifunga macho na mama hayupo. Alidhani dada yake atamwambia umeyataka mwenyewe. Chepchumba aliongeza kuni.

"Kwangu pia anakuja na kwenda," alisema. "Mikono ninayo. Kucha ya kidole gumba ilipasuka katikati, haikupona. Mgongo ninao. Uso ukija, haukai muda."

"Alikuwa mrefu?"

"Mfupi. Ulimpita ukiwa darasa la sita. Ulikuwa unamcheka."

"Sikumbuki."

"Yeye pia alicheka."

Johana alitoa daftari na kalamu. Aliandika ya kucha, na urefu, na kwamba mama alikuwa akiongea na ng'ombe kwa sauti ya chini asiyoitumia kwa watu. Aliuliza macho. Chepchumba alifikiri mpaka kuni zikaanguka. Akasema yalikuwa macho, ya kawaida, ya mama, na hakutaka kubuni. Johana aliacha mstari huo wazi, akaendelea na mwingine. Walipomaliza walikuwa na kurasa mbili zisizojaa.

Maneno hayo yako kwenye tovuti sasa, na chini yake jina la Chepchumba, aliyeyatoa. Picha hakuna. Watu wanne waliusoma ukurasa huo mwezi ule, na Johana anajua kwamba mmoja ni yeye mwenyewe. Bado anaandika, siku za mvua, habari za boila za kiwanda na za magonjwa ya ng'ombe. Akimwaza mama yake, anayekuja ni yule aliyemtengeneza. Mwanzoni alikuwa akimfukuza. Siku hizi anamwacha akae kidogo, anamwambia kwamba yeye si mama, kisha anainuka kwenda kukata majani ya ng'ombe.